Jasho la Bati

Siku ile Bunia ilipomwagika barabarani kukimbia vita, kila mtu alibeba kile alichoona ni maisha yake. Niliona godoro, niliona mbuzi, niliona mwanaume amejifunga mlango wa nyumba mgongoni, mlango mzima na kitasa chake. Mimi begani nilikuwa na mfuko wa vyombo vyangu vya kazi, na mkononi nilishika arozwari, chombo cha bati cha kumwagilia mboga, chenye shingo ndefu na kichwa cha matundu.

Mama mmoja mwenye sufuria tatu kichwani alinitazama hatua kumi nzima, kisha akashindwa kujizuia.

"Papa, weye unakimbia vita ama unaenda kumwangia sombe maji?"

"Naenda kumwangia mutoto," nikamjibu.

Akamgeukia mke wangu, aliyekuwa nyuma yangu akimshika binti yetu mkono. "Mama, pole. Vita imemupanda kichwa?"

"Yeye alikuwaka vile hata mbele ya vita," mke wangu akasema.

Wakacheka wote wawili. Niliwaacha wacheke. Habari hii nimeisimulia mara nyingi, na kuna sehemu yake moja ambayo kwa miaka mingi nimeisema vibaya kwa kujua. Leo ninaandika, na kwenye karatasi nitaiweka sawa.

Mimi ni mtu wa Mahagi, upande wa ziwani. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Sijui kama ni mwalimu aliyenichoka au ni mimi niliyemchoka. Nikaingia Bunia na miaka kumi na nne na kaptura moja. Mzee mmoja mfua bati akanipokea nimvukutie moto, na kabla ya miaka mitatu kwisha wateja wake walikuwa wakiniuliza mimi. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli. Wenye bustani za mboga kule bondeni waliniita Injenia, na hawakuwa wakitania. Chukua arozwari yangu yoyote, ijaze maji, iweke juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti utalisoma, kavu. Hivyo ndivyo nilivyozipima zote kabla ya kuuza, na ndivyo ninavyozipima mpaka leo.

Siri ya kazi hii ni patroni. Patroni ni kipande cha bati kilichokatwa kwa kipimo. Unakilaza juu ya bati jipya, unapiga mstari kukizunguka, unakata. Shingo ina patroni yake, tumbo lina yake, mkono una yake. Patroni ikiwa na kosa la upana wa ukucha tu, kila arozwari itakayotoka hapo itazaliwa na kosa lile lile, na ufundi wako wote hautaliondoa. Lishike neno hili, tutalirudia.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa vita ikiwa bado habari ya redio. Mtoto mzuri, nywele nzito, meno yote, kelele nyingi. Ila kila kiangazi, jua likifika katikati, alikuwa na homa. Anawaka kama pasi ya makaa, macho mekundu, anataka tu kulala kwenye sakafu. Jioni inapoa, yuko sawa, anadai chakula. Kwenye kituo cha afya walimchoma kidole, wakatafuta malaria. Mara nyingine waliiona, mara nyingine hawakuiona, dawa tulipewa siku zote.

Mke wangu ndiye aliyeona jambo la kwanza. Alikuwa akifua.

"Nguo ya huyu mutoto inanuka udongo, inanuka sabuni, inanuka maziwa," akaniambia. "Hainukake jasho. Hata siku moja."

"Ni mutoto musafi," nikasema.

"Musafi namna gani na anashinda mu vumbi?"

Sikulitia maanani. Mimi nilikuwa na dawa yangu. Ujanani nilikaa msimu mmoja kwenye machimbo ya dhahabu, nikiziba mabeseni ya wachimbaji. Kule kulikuwa na Wakristo na Waislamu, watu wa karibu na watu wa mbali, hata lugha hawakusikilizana vizuri, lakini kwa homa wote walikuwa na fundisho moja. Chemsha majani ya mikaratusi, kaa juu ya sufuria, jifunike blanketi zito, mvuke ukupige mpaka maji yakutiririke mgongoni. Jasho likitoka, homa imetoka. Mimi mwenyewe niliponea hapo mara nyingi, na niliponya wengine. Mtaani kwetu mtu akiumwa walikuja kuniita nikamfukize. Nilijua kushika blanketi pembeni mvuke usitoroke, nilijua kuhesabu pumzi. Nilijiona nusu daktari.

Jumapili moja, baada ya misa, binti yetu alikuwa na miaka mitano. Jua lilikuwa kali, akawaka. Nikachemsha majani. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamfunika, nikafunga pembe zote kwa mikono yangu. Nikasubiri jasho. Halikuja. Nikatia mkono ndani, nikamgusa mgongo: kavu kama karatasi, na moto ulionishtua. Nikasema moyoni, homa hii ni ya kiburi. Nikaongeza majani.

Mtu anayewaka na hawezi kutoka jasho, nami namfunika ili nimpe moto zaidi. Leo naliona kama unavyoliona wewe. Siku ile sikuliona, kwa sababu dawa ile ilikuwa haijawahi kushindwa.

Alipoanza kutetemeka mikono na miguu, nilidhani homa ndiyo inatoka.

Sasa sehemu ninayoisema vibaya. Kwa miaka mingi nimewaambia watu: nilipoona anatetemeka, nikapata wazo, nikanyakua arozwari. Si kweli. Mimi nilikuwa bado nimeshika blanketi. Mke wangu ndiye aliyetoka jikoni, akalivuta blanketi mikononi mwangu kwa nguvu mpaka nikaanguka kitako, akaibeba arozwari iliyokuwa verandani imejaa maji, ikipimwa juu ya gazeti lake, akammwagia mtoto yote, kichwa, shingo, mgongo. Kisha akaanza kumpepea na sahani. Hakunipigia kelele.

"Lete maji ingine," alisema tu.

Nikaleta. Na tena nikaleta. Baada ya muda mtoto alifumbua macho na kuuliza kwa nini amelowa nguo ya misa.

Arozwari niliitengeneza mimi. Hilo hakuna wa kuninyang'anya. Lakini mkono ulioiinua haukuwa wangu.

Kesho yake tulimpeleka kwa daktari mmoja mwanamke, mgeni mjini, aliyekuwa akiona wagonjwa katika chumba kidogo chenye dirisha moja. Alisikiliza yote, mpaka habari ya kufukiza, nami niliisema nikitazama ukuta. Hakunigombeza. Aliuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza kwa miaka mitano.

"Mutoto anatokaka jasho?"

Nikamgeukia mama yake. Mke wangu akajibu: "Hapana. Tangu azaliwe."

Akasema tupime. Akamwagiza mke wangu unga wa muhogo, laini, uliochekechwa mara mbili. Nilifikiri anataka bugali. Akatoa dawa ya vidonda, ile ya kahawia inayoitwa iyode, akampaka mtoto mgongoni, na mimi pia, ili alinganishe. Ilipokauka akatunyunyizia unga juu yake, akatukalisha nje juani, migongo kwake, kitambaa kilicholowa kikiwa tayari mkononi mwa mama wa mtoto. Jasho likigusa unga na ile dawa, alieleza, rangi inageuka kuwa buluu nyeusi.

Sikungoja dakika tano. Nilisikia wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakicheka. Mgongo wangu ulikuwa umechapwa nukta nyeusi, kisha nukta zikaungana, kisha nikawa mweusi wa buluu kutoka shingoni mpaka mshipini.

"Papa, weye uko na jasho mingi sana," daktari akasema. "Sijaonaka mugongo ya kujibu mbio vile."

Nilifurahi kama mtu aliyepewa diploma. Diploma nyingine sikuwahi kupata. Kisha nikageuka kumtazama binti yangu. Mgongo wake mdogo ulikuwa vile vile, kahawia na unga mweupe, hakuna nukta hata moja. Mama yake alikuwa ameshamvutia kivulini.

Nikauliza kasoro hii inatoka wapi. Dada yangu mkubwa alikuwa ameshaamua: inatoka kwa mke, nimrudishe kwao. Kwetu mtoto akiwa na kasoro, wa kwanza kutazamwa ni mama.

"Andika basi ya kuwa iko mambo ya upande ya mama," nikamwambia daktari.

"Hapana, papa. Nafikiri iko ya wote wawili, sawasawa."

Akachukua karatasi, akachora. Ndani ya mwili, alisema, kuna maandishi yanayokiambia kila kiungo kitengenezwe vipi. Kila mtu anayo mara mbili, nakala ya baba na nakala ya mama. Nakala moja ikiwa na kosa mahali fulani, nyingine inafanya kazi, mtu anaishi mzima bila kujua. Mimi nilikuwa na moja yenye kosa, mke wangu moja yenye kosa, mahali pale pale. Mtoto alichukua ile mbaya kutoka kwangu na ile mbaya kutoka kwa mama yake. Kila mimba ilikuwa na bahati moja kwa nne ya kufanya hivyo.

Nilikuwa nimeshaelewa kabla hajamaliza kuchora. Nikasema, "Ni patroni."

"Ni nini?"

Nikamweleza kazi yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hajawahi kuieleza vizuri hivyo yeye mwenyewe. Nilitembea na sifa hiyo mpaka nusu ya njia ya nyumbani, ndipo neno lenyewe likaniingia: patroni yangu ina kosa. Mimi, ambaye gazeti langu hubaki kavu.

"Umenyamaza juu ya nini?" mke wangu akauliza.

"Nafikiri."

"Fikiri. Ila usifikiri kunirudisha kwetu. Dokta amesema tuko wawili."

Dada yangu nilimwambia jioni ile ile: kosa ni letu wawili, mke harudi kwao. Ilinichukua maneno machache kuliko nilivyoogopa.

Daktari alikuwa amesema dawa ya kunywa hakuna, lakini mtoto anaweza kuishi na kuzeeka, mradi tumfanyie kutoka nje kile ambacho mwili wake haufanyi kutoka ndani. Maji juu ya ngozi, upepo, kivuli. Hapo ndipo mimi nikaingia kazini. Nikamtengenezea arozwari yake, ndogo, nyepesi, na kichwa chake nikakitoboa kwa msumari mwembamba kuliko wa mboga, maji yateremke kama manyunyu. Nikaitundika kwenye msumari kando ya mlango. Akiona jua limemzidi, alikuja mwenyewe: "Papa, jasho yangu." Namwagia. Anarudi kucheza. Homa za mchana zikaisha.

Ndiyo maana siku ya kukimbia niliibeba ile arozwari. Tulikuwa tunaelekea Komanda, na watu wote walitembea mchana, kwa sababu usiku hakuna aliyejua atakutana na nani. Mchana ulikuwa adui wa binti yangu peke yake. Alikuwa na miaka sita, mzito wa kubebwa siku nzima. Tulikuwa na bidoni moja, dumu la maji, mgongoni kwa mke wangu, juu ya furushi la unga na nguo, na kipimo chetu kilikuwa mdomo wa mtoto. Akipiga kelele tunaenda. Akinyamaza tunasimama, namwagia, mama yake anampepea na sahani ile ile. Waliotutania asubuhi walitupita, wakatuacha.

Siku ya pili, kabla ya Marabo, tukakuta kizuizi. Kamba, vijiti, vijana wenye bunduki, na mwenzao mmoja mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha sebule, kiti kilichotolewa nyumbani kwa watu, chenye kitambaa cha maua. Amri yake ilikuwa fupi.

"Mutu mukubwa apite na kitu moja. Ingine abakishe."

Mke wangu alichagua furushi la unga. Bidoni ikabaki. Wakanifikia.

"Mufuko iko na nini?"

"Nyundo. Makasi ya bati. Chuma ya kuchomea. Na patroni zangu."

"Na hii?"

"Arozwari."

"Unaenda wapi na arozwari?"

"Ni jasho ya mutoto. Huyu hatokake jasho."

Walicheka mpaka mmoja akaegemea bunduki yake. Mtu wa kwenye kiti hakucheka. Akasema, "Onyesha." Kulikuwa na maji kidogo yamebaki ndani. Nikaiinua, nikammwagia. Binti yangu alifumba macho, kama alivyozoea pale mlangoni kwetu, akasema, "Papa, na mugongo." Nikammwagia mgongoni. Kicheko kikapungua.

Nikadhani nimeshinda. Nikaanza kusema. Nikamwambia mimi ni fundi wa kwanza wa bati katika Bunia yote, kwamba mfuko ule umenichukua miaka kumi na mitano kuujaza, kwamba aulize mwenye bustani yeyote. Nilisema sana. Yeye akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Kama uko fundi wa kwanza," akasema, "utapata nyundo ingine. Chagua."

Ningependa kuandika kwamba sikufikiri hata kidogo. Nilifikiri. Mfuko ule ndio uliokuwa tofauti kati yangu na yule mtoto wa kaptura moja. Bila patroni sikuwa Injenia wa mtu. Mke wangu alinitazama mikono, na mimi nikakumbuka mikono ile ikiwa imeshika blanketi. Nikaushusha mfuko kwenye vumbi. Nikapita na arozwari.

Kuanzia pale tulitembea kutoka kijito hadi kijito. Kila penye maji nilijaza, na maji yale yalipaswa kutufikisha penye maji mengine. Karibu na saa saba mtoto akanyamaza na arozwari ilikuwa tupu. Nikamgusa paji la uso. Niliujua moto ule. Nikambeba, nikakimbia kama sikuwa nimelala njaa, mke wangu nyuma yangu akiniambia, "Teremuka kushoto, kushoto, kuko migomba." Palipo na migomba pana unyevu. Kweli, chini yake kulikuwa na kijito chembamba, maji ya kufika kifundo cha mguu. Nikammwagia nikiwa nimepiga magoti ndani yake. Arozwari ya kwanza, ya pili, ya tano. Sikumbuki ilikuwa ya ngapi aliposema anataka kula.

Juu ya kijito kulikuwa na mikaratusi, tukakaa kivulini mwake mpaka jua lilipolegea. Majani yale yale niliyokuwa nikimchemshia. Mke wangu aliokota moja, akalinusa, akanipa. Nikalitia mfukoni. Saa kumi na moja tuliingia Marabo, binti yangu akitembea kwa miguu yake, akiwaeleza watu asiowajua kwamba baba yake ameacha nyundo kwa askari.

Komanda tulikaa muda. Ni njia panda, malori hayakosi, na penye malori pana mikebe mitupu ya mafuta. Nikaazima nyundo kwa fundi wa baiskeli. Ndipo nikagundua kitu ambacho hupenda kuwaambia watu nilikijua tangu kwenye kizuizi. Sikukijua. Patroni zangu zote zilikuwa zimebaki kizuizini, lakini arozwari yenyewe ilikuwa mkononi mwangu, na arozwari inabeba vipimo vyake. Nikazungushia kamba tumboni mwake, nikapima shingo, nikalaza karatasi kwenye mkono wake na kuuchora. Nikavikuza vipimo kufikia arozwari ya bustani, na kwa siku mbili nikawa na patroni mpya zote. Ya kwanza kutoka Komanda niliipima juu ya gazeti. Gazeti lilibaki kavu, na watu wa Komanda walilipitisha mkono kwa mkono wakilitazama.

Tulirudi Bunia kulipotulia. Watoto wengine watatu walikuja, wote wanatoka jasho mpaka inachosha kuwafulia. Miaka mingi baadaye yule daktari, ambaye hakutusahau, aliomba damu yetu, akaituma mbali. Majibu yalirudi na alichosema yeye kwa unga wa muhogo: kosa moja, mahali pamoja, katika nakala zote mbili za binti yangu, na moja moja kwetu sisi wazazi. Tezi zake za jasho zipo, zimekamilika. Amri inafika. Lakini ndani ya tezi kuna kilango kidogo kinachopaswa kufunguka kutoa madini ya kalsiamu ili jasho lianze, na patroni ya kilango hicho ndiyo iliyokatwa vibaya. Arozwari iliyojaa maji, kichwa hakikutobolewa. Nikamwambia daktari hivyo, naye akaniandikia neno hilo kwenye daftari lake. Nililiona akiliandika.

Binti yangu leo ana duka la vinywaji baridi na friji tatu. Kazi hiyo aliichagua mwenyewe, na jua likiwa kali anaegemea friji na kuhudumia wateja kutoka hapo. Amezaa. Mtoto alipofikisha miezi michache tulimlaza kwangu mchana mmoja wa joto, chini ya paa la bati, akasinzia. Mke wangu akampitisha kidole shingoni, akanionyesha. Kililowa.

"Kausha basi," nikasema.

"Wacha kwanza," akasema. "Wacha tuone."

Tukakaa tukimtazama mjukuu akitoka jasho. Binti yangu akatoka dukani, akatukuta vile, akauliza kuna nini. Mke wangu akamwambia hakuna kitu, akaichukua arozwari kwenye msumari wake kando ya mlango, ile ile ya barabarani, imepondeka upande mmoja lakini haivuji, akampa aende akajimwagie kabla jua halijamzidi.